Tumbo la Fundi Pini

Fundi Pini alishonea barazani, pini midomoni, akisema na wateja kwa pembe ya mdomo. Wiki hiyo hakutulia. Akikanyaga cherehani, anaacha. Anakwenda chooni, anarudi, anakaa, anakwenda tena.

"Baba watoto, umefungua duka huko chooni?" mkewe aliuliza.

"Niache."

Miezi kadhaa iliyopita, doa jeusi lilimtokea kaakaani. Akadhani pini zimemchoma. Doa likavimba, likatoa damu. Hospitali walikata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani iitwayo melanoma, nayo imeshafika mapafuni. Akaanza kutundikiwa dripu za dawa mbili kwa pamoja.

Siku hiyo aliporudi tena kutoka chooni, suruali ilimpwaya. Mkewe akaweka mkasi chini.

"Unaharisha. Tangu lini?"

"Tangu juzi. Chai ya rangi itakata. Usiwaambie hospitali! Watanikatia dawa, na dawa ndiyo roho yangu."

 Mkewe alipiga simu wodini. Muuguzi akasema, "Mlete sasa hivi. Asingoje kesho."

Hospitalini, fundi hakutaka hata kuketi.

"Mzee wangu, mbona ulificha?" daktari aliuliza.

"Nilijua utanifungia dawa, mwanangu."

"Sikia, baba. Mwili una walinzi wake. Saratani huwalaza. Dawa hizi mbili huwaamsha, kila moja kwa njia yake. Wakiamka kwa nguvu, pengine humpiga hata mwenye nyumba: utumbo, ngozi, ini. Ukisema mapema, tunawatuliza. Ukinyamaza, utumbo unaweza kutoboka."

"Na pini zangu?"

"Hazikuleta saratani hii. Lakini doa la mdomoni lisilopona huonyeshwa upesi."

"Dawa je?"

"Tunasimamisha kwanza. Usihofu, walinzi walioamka hawalali papo hapo."

Alilazwa, akapewa dawa ya kuwatuliza walinzi. Tumbo likatulia. Baadaye picha ilionyesha uvimbe umenywea, kaakaani na mapafuni.

"Si kila mtu hupata nafuu hii," daktari alisema. "Wewe umeipata. Tutaendelea na dawa moja, na tutakupima mara kwa mara."

Siku hizi pini amezichomeka kwenye kijimto kidogo alichofunga mkononi. Mdomo una kazi nyingine.

"Mama watoto! Nina kipele hapa. Lete simu!"

"Huyo ni mbu, fundi."

"Mbu au si mbu, atasema muuguzi. Lete simu!"

Mkewe akacheka, akaileta.