Kamera Yenye Mikwaruzo

Kila Jumamosi asubuhi Modesta alimsaidia mama yake, Paskazia, kupara samaki. Mama aliuza sato wa kukaanga mtaani Igogo, na magamba yaling'ang'ania nywele za binti huyo hata baada ya kuoga. Aliichukia kazi hiyo, lakini Jumamosi hii alipara huku akiimba.

"Leo magamba yamegeuka sukari?" mama alimtania.

Modesta alicheka. Leo walikuwa wanakwenda kununua kamera. Mwalimu Odeta alikuwa ameanzisha darasa la upigaji picha shuleni kwao, na kila mwanafunzi alitakiwa kuja na kamera yake, hata iliyotumika.

"Tutanunua mara moja tu, mwanangu," mama alimwonya. "Ukichagua vibaya, ndiyo basi tena."

Miaka hiyo ya tisini milango ya biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ya kila aina ilifurika soko la Makoroboi: viatu, redio, saa na kamera. Walisimama kwenye meza ya muuzaji mmoja aliyeitwa Nkwabi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Chagua mwenyewe!"

Kamera zilikuwa mbili tu. Moja iling'aa kama sufuria mpya. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, imekwaruzika kila upande.

"Si hii inayong'aa?" mama aliuliza.

Moyo wa Modesta nao uliitaka hiyo hiyo. Hata hivyo, Mwalimu Odeta alikuwa amewaonyesha kwa kamera yake namna ya kujaribu: kitufe kikibonyezwa, mwanga lazima upenye. Modesta akafungua mgongo wa ile inayong'aa, akaielekeza angani, akachungulia kupitia ndani na kubonyeza kitufe. Ililia "twa!", lakini hakuona mwanga. Akabonyeza tena. Giza tupu. Akachukua ile nyeusi. Kila alipobonyeza, mwanga ulipenya kama jicho linalofumbuliwa na kufumbwa. Lenzi yake haikuwa na ukungu.

"Mama, nataka hii."

Kabla hawajalipa, akafika Mzee Machibya kutoka Misungwi. Alikuwa akitafuta kamera ya harusi ya binti yake.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee!" Nkwabi alimkabidhi ile inayong'aa.

Modesta aliitupia jicho ile nyeusi. Kamera aliyoitaka ilikuwa bado mezani. Akimuudhi Nkwabi, huenda akaikosa. Alimtazama yule mzee, akawaza harusi nzima ikiisha bila picha hata moja.

"Samahani, mzee," alisema. "Hiyo haipigi picha."

Nkwabi alivimba kwa hasira. Aliinyakua ile kamera nyeusi na kuificha nyuma yake. "Nani kakutuma uniharibie biashara? Sikuuzii!"

Machozi yalimlengalenga Modesta, lakini hakurudi nyuma. "Mjomba, fungua mgongo wa hiyo inayong'aa, uielekeze angani. Utaona mwenyewe."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nkwabi akaichukua kutoka kwa mzee, akaifungua, akachungulia, akabonyeza. Akabonyeza tena na tena. Uso ukamshuka.

"Kumbe! Mimi nilisikia inalia, nikajua ni nzima." Akacheka kwa aibu. "Mzee, ungenirudia hapa na ukoo wote! Shika kamera yako, binti. Nisamehe."

Paskazia alipomaliza kulipa, Mzee Machibya alimgeukia. "Mama, niazime huyu mtoto na kamera yake. Aje atupigie picha za harusi."

Siku ya harusi, Modesta alizunguka kila mahali. Alimpiga picha bibi harusi, akawapiga picha wacheza ngoma katikati ya vumbi. Mzee Machibya alipomkumbatia binti yake huku akilia na kucheka kwa pamoja, kamera nyeusi ikalia "twa!"

Picha zilisafishwa, zote zikatoka safi. Ile ya mzee na binti yake ilitundikwa darasani, na mzee mwenyewe akaja kuitazama. Hata Paskazia alifunga meko yake mapema siku hiyo, akaja na kanga yake nzuri.

"Mnaisifu picha hii," Mwalimu Odeta aliwaambia wanafunzi, "nami naisifu. Modesta alichunguza kabla ya kuchagua, hakudanganywa na mng'ao. Lakini kubwa zaidi, alisema kweli wakati ambapo kweli hiyo ingeweza kumnyima alichokitamani. Kuchunguza nimewafundisha mimi. Kusema kweli, kila mmoja wenu ataamua mwenyewe."

Darasa lililipuka kwa makofi, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Paskazia.