Dole Gumba la Mohua

Siku Somik Dutta alipomvunja mungu kidole, alikuwa na visikilizio masikioni na macho kwenye simu. Ilikuwa asubuhi, stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Shobhabazar, Kolkata, saa ambayo watu hupanda ngazi kwa mabega zaidi kuliko kwa miguu. Akamgonga msichana mwenye kapu. Mkono mmoja wa udongo ukadondoka, kidole kikaruka hadi kwenye kiatu cha mtu.

"Simama hapo hapo," alisema msichana. "Unajua umefanya nini?"

"Samahani dada, sikukuona."

"Mimi si kitu. Huo ni mkono wa saba wa Mama Durga."

Somik akachungulia kapuni. Mikono mingine tisa ya mungu huyo wa kike ilikuwa imelazwa juu ya majani makavu. Kisha akamtazama mwenye kapu: gauni la pamba la rangi ya embe bichi, mtandio umefungwa kiunoni kikazi, udongo mkavu shavuni. Akasahau kwamba amechelewa kazini.

"Sasa atanifanya nini?"

"Bahati yako hajatiwa macho. Hajakuona bado." Msichana akacheka. "Okota kidole, twende ukakibandike mwenyewe."

Ndivyo alivyoingia Kumartuli, mtaa wetu wa mafundi wa sanamu. Msichana aliitwa Mohua Pal, binti pekee wa Mzee Nimai, ambaye klabu moja ya jirani ilimpa kazi ya sanamu yao ya sikukuu ya Durga kwa miaka ishirini na miwili mfululizo. Somik naye alikuwa mchoraji wa kompyuta. Siku za kazi alichora nywele zinazopepea kwenye matangazo ya shampuu, na Jumapili alihangaika na filamu yake fupi ya katuni. Nywele alizimudu, maji aliyamudu. Mikono ilimshinda. Kila aliouchora ulitoka kama glavu.

"Kwa sababu hujawahi kushika mkono wa mtu," Mohua alimtania, alipomwona akifuta mchoro mara ya kumi.

"Nifundishe basi."

"Kushika au kuchora?"

"Anza na lolote."

Akamfundisha kwa udongo, vidole vyake juu ya vidole vya Somik. Mchana walikuwa wakipigiana simu.

"Umekula, bwana shampuu?"

"Wali na dengu. Aliyekosekana ni wewe."

"Mimi si achari."

Ilipofika Agosti na mvua imeshika, waliketi chini ya bati la karakana na chai kwenye vikombe vya udongo. Mohua akakizungusha kikombe chake kiganjani.

"Nikikwambia neno, utalificha?"

"Nilifiche wapi, kwenye kompyuta?"

Mohua hakucheka. "Mkono wa Baba unatetemeka. Huu mwaka wa tatu. Misimu miwili iliyopita macho nimetia mimi."

Somik akaweka kikombe chini. Kwetu macho ndiyo uhai wa sanamu. Hutiwa asubuhi ya Mahalaya, siku chache kabla ya sikukuu, na fundi mkuu aliyeoga na kufunga. Mohua alikuwa akiingia nyuma ya pazia na baba yake, eti kumshikia taa.

"Klabu wakijua, Baba amekwisha. Niapie."

Somik akaapa, kiganja chake juu ya mkono wa Mohua, juu ya dole gumba lenye kovu jeupe la kuungua. Wala hakuwa mwongo siku ile. Uongo ulimjia kidogo kidogo. Filamu yake haikuwa na pa kwenda, na sasa ilikuwa na pazia, taa, mzee na binti. Akajiambia majina amebadilisha. Mzee akamtia masharubu. Dole gumba tu hakuligusa, kwa kuwa ule ulikuwa mkono wa kwanza aliouchora ukatoka mkono. Alilitazama kovu kwenye kioo cha kompyuta, akajua kabisa anachofanya, akabonyeza kutuma.

Filamu ya dakika sita ikapata zawadi kwenye tamasha la vijana. Siku tatu baadaye ilikuwa kwenye simu ya kila muuza chai mtaani kwetu, na nani hapa asiyelijua dole gumba la Mohua?

Katibu wa klabu, Bwana Gopen Shil, akaja na boksi la vitamu. Mtu akikuletea vitamu kabla ya sikukuu, ujue ana chungu mdomoni.

"Nimai, sanamu ibaki kwako. Ila macho mwaka huu atie fundi mwenzako, Haradhan."

Mzee Nimai akalipokea boksi kwa mikono miwili, mmoja ukiutuliza mwingine.

Mohua alipiga simu mara moja tu. "Ulikuja kunipenda au kuja kunichora?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza."

"Vyote," akasema Somik. Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya. Simu ikakatika.

Hatia ikamkaa kama mwiba wa samaki, na watu wa Kolkata tunaijua miiba. Sahani ya mama yake aliirudisha jikoni imejaa. Zawadi aliigeuza ielekee ukutani. Siku ya nne akamwendea Bwana Gopen.

"Filamu ile nimezua. Msichana hajawahi kutia macho. Anashika taa tu."

"Na kovu?"

"Niliupenda mkono wake, nikauazima."

Bwana Gopen akaridhika kupita kiasi. "Basi vizuri. Mahalaya tutakuja wote tumwone Nimai akitia macho, pazia wazi. Maneno yaishe."

Kabla jua halijatua Mohua alikuwa mlangoni kwa akina Somik, hakutaka hata kuingia.

"Mara ya kwanza umeniiba. Sasa umenikana."

"Nilitaka kuwaokoa."

"Umemwokoa nani? Baba atapanda ngazi mbele ya watu na mkono ule, kwa ajili ya mdomo wako."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Asubuhi ya Mahalaya karakana ilijaa wanaume wa klabu, kanzu nyeupe zimenyooshwa. Mohua alivaa sari nyeupe ya pindo jekundu, nywele zinadondosha maji. Alikuwa ameoga na kufunga, ingawa hakuna aliyemwomba. Somik alisimama nyuma kabisa, shati limemganda mgongoni.

Mzee Nimai akapanda ngazi ya mianzi. Akachovya brashi. Ncha ikatetemeka mbele ya uso ule usio na macho, tone jeusi likadondoka kidevuni. Bwana Gopen akakohoa.

Somik akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akamtazama Mohua kwanza. Safari hii aliomba ruhusa. Mohua akainamisha kichwa, mara moja.

"Nilidanganya," Somik akasema. "Filamu ni ya kweli. Bwana Gopen, mwaka jana ulilia mbele ya macho yale, mtaa mzima ulikuona. Ni Mohua aliyeyatia."

Mzee Nimai akashuka taratibu.

"Kijana kasema lililokuwa langu kusema," alisema. "Mimi nilimwibia Mohua kabla yake." Akampa binti yake brashi.

Mohua akapanda. Akalifuta tone kwa pindo la sari. Akatia jicho la kushoto, la kulia, kisha lile la tatu, katikati ya paji. Mkono haukusita hata mara moja. Bwana Gopen alikuwa na maneno, lakini huwezi kubishana na mungu ambaye tayari anakutazama. Akaunganisha viganja, akainama, na wenziwe wakamfuata.

Watu walipopungua, Mohua akamkuta Somik pale pale nyuma, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Sasa amekuona."

"Najua. Siwezi kumtazama."

"Sijakusamehe, Somik."

"Sijathubutu kuomba."

"Utaomba. Siku ya Bijoya, mwisho wa sikukuu, sanamu ikishazamishwa mtoni. Siku hiyo hakuna anayemfungia mtu mlango. Uje umguse Baba miguu kwa heshima, na filamu yako uiandike jina langu. Na uje na mama yako."

"Mama wa nini?"

"Kwani kwenu mtu huposa peke yake?"

Somik akataka kucheka, kikamtoka kilio. Mohua akamwekea kiganja chini ya kidevu, dole gumba lenye kovu likaacha wino mweusi shavuni mwake.

"Inua uso umtazame," alisema. "Macho hayo nimeyatia mimi."

Akainua.