Kiu ya Magari Madogo

Adija alitumbukiza kata mtungini, ikagonga udongo mkavu. Akainama kuchungulia. Asubuhi ile ile aliujaza mpaka shingoni, maji aliyoyapandisha kichwani kutoka chemchemi za bondeni, maana juu huku Newala hakuna kisima, na mwanamke anayetoka alfajiri hurudi jua limeshakuwa kali. Sasa ilikuwa adhuhuri. Mtungi haukuwa na ufa, wala sakafu haikuwa na unyevu. Chini kabisa vidole vyake viligusa mchanga mwembamba, ule ule wa mezani kwa mumewe.

"Baba Halfani, umeyanywa maji?"

"Mtungi mzima? Mimi ng'ombe?" alijibu Bwanali kutoka chumba cha nyuma.

Bwanali alikuwa mchongaji, na kwa miezi miwili alichonga kazi moja tu. Mjerumani mmoja aliyehamia bomani alikuwa amepigana vita katika jangwa la mbali, upande wa bara jua linakozamia, na alitaka vita vyake viwekwe mezani avitazame. Meza ilikuwa pana kama kitanda, imemwagiwa mchanga wa mtoni uliochekechwa. Juu yake ipangwe mizinga minne na magari sita ya vita ya kukokotwa na ng'ombe, kila kimoja kisizidi kiganja. Watu hakuwataka, alisema ana wanajeshi wake wadogo wa madini ya risasi, wangekuja kwa meli. Kazi ikimpendeza, Bwanali hatapelekwa upagazi.

Basi Bwanali alijitahidi. Alichanganya chokaa na masizi kupata rangi ya kijivu, akatia ulimbo ishike, kisha akapuliza vumbi rangi ingali mbichi, gari likaonekana limetembea mwezi mzima. Maturubai aliyakata kwenye kaniki kuukuu na kuyakausha kwa uji wa muhogo. Magurudumu tu hakuruhusiwa kuyachagulia mti. Mjerumani alimpa ubao mkavu wenye alama ya moto, akasema aliung'oa kwenye gari la watu aliowashinda.

Siku ya pili mtungi ulikauka tena. Siku ya tatu Bwanali alikuwa ameitwa bomani, na Adija alikuwa peke yake jikoni alipoisikia sauti ya mtu anayekunywa kwa pupa, kub, kub, kub, kisha pumzi ndefu. Akanusa vumbi la moto na ngozi iliyoungua. Hakukimbia. Alishika ukuta, akanong'ona:

"Halfani? Ni wewe, mwanangu?"

Halfani alikuwa mwana wao wa pekee. Mwaka wa vita vya Maji Maji alipakwa dawa kwenye paji la uso, akaambiwa risasi zitageuka maji, akashuka kuelekea Masasi na wenzake. Wenzake wengine walirudi, yeye hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili wake. Majirani walipotaka kuweka matanga, Adija aliwafungia mlango. Huu ulikuwa mwaka wa tatu na mlango bado ulikuwa umefungwa.

Bwanali aliporudi alimkuta mkewe ameweka kibuyu cha maji kando ya meza ya mchanga.

"Cha nani hicho?"

"Cha mtoto," alisema Adija kwa sauti ya chini. "Amerudi, Baba Halfani. Ana kiu."

Bwanali alikiacha kibuyu pale pale. Naye alitaka iwe hivyo.

Kuanzia hapo Adija akawa anateremka bondeni mara mbili kwa siku. Alijaza mtungi, ukakauka; alijaza kibuyu, kikakauka. Midomo yake ilipasuka, macho yakaingia ndani, na hata akinywa mwenyewe maji yalikuwa kama yanapita kwa mtu mwingine. Alitabasamu tu. Mpaka adhuhuri moja alipoingia na kibuyu na kukuta magari yote sita, ambayo Bwanali alikuwa ameyapanga yakielekea mlangoni, yamegeuka yakielekea kule alikokuwa akiweka maji, na nyuma ya kila gari pamechimbika alama za magurudumu, na kando ya alama hizo, kutoka mwisho wa meza hadi ukingoni, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyayo zisizozidi punje ya mpunga, za mtu mzima mmoja na watoto wawili, zikiburuza, zikianguka, zikiinuka tena, na mezani pale hakukuwa na mtu hata mmoja.

Kibuyu kikamponyoka. Kabla maji hayajagusa sakafu, yalikwisha. Na Adija akaanguka.

Bwanali alimtuma jirani yao, Bibi Pili, kumleta Mwanaheri, fundi wa kupunga majini aliyekaa njia ya Masasi. Alikuja kesho yake, mwanamke mnene, mchovu kwa mwendo. Hakuuliza mengi. Alimketisha Adija karibu na meza, akamfunika kaniki, akafukiza ubani, na jua lilipofika utosini akauliza:

"Nani mwenzetu?"

Sauti iliyotoka haikuwa ya Adija. Ilisema lugha wasiyoijua, kavu, ya kukwaruza. Mwanaheri alimlowesha midomo kwa kidole, akauliza tena.

"Mwenye gari," ikajibu, safari hii kwa maneno waliyoyaelewa.

"Umefuata nini huku?"

"Gari langu. Maji. Wanangu hawajanywa."

"Wako wangapi?"

"Watatu. Wawili wanatembea. Mdogo nimembeba, hanyonyi tena." Sauti ikakatika. "Visima vilikuwepo, dada. Vilikaliwa na watu wenye bunduki."

Mwanaheri alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Huyu hafukuzwi," alimnong'oneza Bwanali. "Hana pa kurudi. Hayo magurudumu ya ubao wa gari lake yang'oeni, mkayatie kwenye maji yasiyokauka. Huyu mama mwenyewe ndiye ayapeleke, maana ndiye aliyemnywesha."

"Bwana mkubwa atanichapa."

"Atakuchapa. Mkeo atakufa."

Bwanali akachukua kisu, akaanza kung'oa.

Adija alipozindukana alielezwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika Mwanaheri mkono.

"Na Halfani wangu, ulimwona?"

"Mama Halfani," Mwanaheri alisema taratibu, "ndani ya nyumba hii sikumkuta."

Adija aliteremka bondeni, Bwanali akimshikilia kiuno. Kwenye chemchemi alifungua kitambaa na kuyatia magurudumu majini moja moja. Mti ule mkavu ulipaswa kuelea. Haukuelea. Maji yalitulia, yakashuka kiganja kizima, na kutoka chini ikasikika sauti ya kunywa, ndefu, ya vinywa vingi, na mwisho kabisa kicheko cha mtoto. Kisha chemchemi ikajaa tena. Adija alinawa uso, akanywa, na kwa mara ya kwanza kiu ikakatika.

Mjerumani alipoyaona magari yake yamelalia tumbo mchangani hakutaka maelezo. Bwanali alichapwa viboko ishirini na tano mbele ya boma, akaambiwa mgongo ukipona atachukua mizigo kama wengine.

Aliporudishwa, amelazwa kifudifudi kwenye jamvi, Adija alimpaka mafuta ya nyonyo, akatoka uani na kuketi chini. Akamwita Bibi Pili aje na wembe.

"Ninyoe," alisema. "Kisha waambie watu waje. Naweka matanga ya mwanangu."

Bibi Pili alimnyoa. Jioni uani kukajaa watu. Mzee mmoja aliyetoka mbali, asiyejua habari, alimpa mkono wa pole, akauliza kwa heshima marehemu alifariki lini.

Adija alipapasa kichwa chake kitupu.

"Leo," akasema. "Amefariki leo."