Kichupa Kilichofukizwa

Kichupa kilikuwa na moto, tena kilinukia ubani. Hadil, fundi wa maabara katika hospitali moja ya Lamu, alikipokea hivyo kwa mama wa mgonjwa, aliyemwachia ashike, alipotoka kuswali adhuhuri, akakunja pua. Watu wa Pate hawa, alijisemea, hata damu yao ina uvumba. Akakipeleka kwenye ndege ya saa nane kule Manda. Bwana mkubwa huyo na diploma yake hakuona haja ya kuuliza.

Damu ilikuwa ya Huwaida, msichana wa miaka tisa kutoka Chundwa, kisiwani Pate, aliyevilia mwili mzima na kuvuja damu kwenye fizi. Daktari alishajua ni saratani kali ya damu. Asichojua ni ya ukoo gani, kwani zipo mbili, na dawa ya moja haimfai mwenye nyingine. Nairobi kuna mashine inayozipitisha chembe za damu moja moja mbele ya mwanga na kuitambua kila moja ukoo wake, ilimradi zifike zikiwa hai. Jibu likaja: zimeungua zote, leteni nyingine upesi, mtoto hana wiki.

"Nilikupa ushike tu, Bi Radhiya!" Hadil alimfokea mama mtu kando ya kitanda cha mtoto. "Ulikifungua?"

"Sikukifungua, wallahi," mama alinong'ona. "Nilikipitisha yuu ya chetezo, mara saba. Bwana Idarus alinambia jini la damu halitoki mpaka lifukizwe."

Bwana Idarus mwenyewe alikuwa ameketi pale pale kwa kanzu yake ya pasi, mganga ambaye kila jini alilowahi kulitoa lilitaka mbuzi mnono. "Limeshatoka," alisema.

Hadil alicheka kwa kebehi, akachukua sindano.

Sindano ilipoingia mkononi mwa mtoto, chumba kikajaa harufu ya ubani, na chetezo hakikuwepo, na feni ikasita kuzunguka, na Huwaida, ambaye kwa siku tatu hakuwa na nguvu hata za kuomba maji, akafumbua macho, akaigeuza shingo polepole mpaka akamkabili mganga, akasema kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba:

"Ahsante kwa moshi, Idarus. Walikuwa karibu kulijua ina langu, na ukoo wangu."

Mganga alitoka mbio, akaacha kiatu kimoja mlangoni. Ndiye huyo watu wanayembusu mkono.

"Nawe," sauti ikamgeukia Hadil, chini chini, "uliisikia harufu, ukanyamaa. Nyinyi ndio watu wangu."

Bi Radhiya alikuwa akisoma Ayatul Kursi. Hadil alikijaza kichupa cha pili, akakifumbata, akakimbia. Safari hii hakumpa mtu, hakusimama hata adhana ilipoadhiniwa, aliwapiga kumbo watu na punda vichochoroni akilia waziwazi, kwa kuwa alijua mtoto angekuwa ameshaanza dawa lau yeye angeuliza swali moja.

Alifika gatini, boti ya Manda imeshawashwa, ndipo akahisi kiganja kinaungua. Akakifumbua. Damu ndani ya kichupa ilikuwa inachemka.