Mwali wa Kilole na Vidonge Alivyoviacha

Lilikuwa neno la kupita tu, lakini lilimganda Munira kama utomvu wa fenesi vidoleni.

"Vidonge vya ini vinafunga kizazi," Amne msusi alisema, saluni kwake Masuguru. "Kuna binti wa Magoma kavinywa miaka miwili. Mpaka leo anabembeleza watoto wa wenzake."

Amne hakujua kwamba kichwa alichokuwa akikisuka ni cha mnywaji wa vidonge hivyohivyo. Na harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

Ugonjwa wenyewe si wa kuambukizwa, wala si wa pombe. Kinga ya mwili wa Munira, badala ya kupigana na maradhi, ilikuwa imeligeukia ini lake mwenyewe na kulishambulia. Daktari wa hospitali alimwambia bila kuzunguka: "Vidonge hivi ndivyo vinavyoituliza hiyo kinga. Usikatishe hata siku moja bila kuniuliza." Na vilimsaidia kweli, ingawa vilimjaza mashavu. Uchovu ulipozidi na usingizi kukataa, akaanza kwenda Handeni kila mwezi kwa Mama Rosina, mtaalamu wa homeopathi, tiba mbadala, aliyempa vidonge vidogo vyeupe, vitamu, vya kumumunya, na kumsikiliza saa nzima bila kugusa simu.

"Hivi vyangu ni vya kukusindikiza tu, mwanangu," Mama Rosina alimwambia siku ya kwanza. "Ini lako linashikiliwa na vile vya hospitali. Siku ukiviacha vile, hata hapa kwangu usije."

Ni hivyo vitamu vilivyomkutanisha na Abdi. Stendi ya Handeni siku ya mnada, wapiga debe wanavutana mabegi ya watu, Munira akapigwa kiwiko. Kichupa kikaanguka, vidonge vikatawanyika vumbini kama shanga zilizokatika uzi.

"Dada, pipi zako hizo! Kuku watashiba bure."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la samawati, mikono imekunjwa, kalamu sikioni.

"Nani kakwambia ni pipi?"

"Kumbe ni nini?"

Munira akavuta mtandio wake wa waridi. "Dawa ya kikohozi."

"Pole. Mbona hukohoi?"

Akacheka bila kupenda. Abdi alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki hapohapo mjini, na basi lilipoondoka alikuwa ameshapata namba.

"Pipi, umekula?" alikuwa akimpigia kila mchana.

"Nimekula, muuza spoki."

"Umenikumbuka?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kijiko au cha sufuria?"

Miezi saba ya simu na safari za Korogwe, posa ikaletwa Kilole, Korogwe, nyumbani kwa kina Munira. Uongo wa kikohozi ukabaki palepale. Kila alipotaka kuukiri, aliahirisha.

Sasa likaja hilo neno la kizazi. Abdi alikuwa ameshataja majina ya watoto watatu watakaowazaa! Siku aliyotoka saluni, Munira akavifunga vidonge vya hospitali kwenye soksi na kuvisukumiza chini ya nguo sandukuni. Akabaki na vile vitamu. "Hivi navyo si dawa?" alijiambia. Mashavu yakapungua kidogo, akajiona mjanja.

Wiki mbili kabla ya harusi akawekwa ndani, mwali asionekane na mtu. Mapazia yakafungwa. Bi Mwantumu, somo wake wa kumfunda, akawa anamsugua asubuhi na jioni kwa singo ya liwa na manjano. Mwili ukaanza kumwasha mpaka akawa anajikuna kwa kitana.

"Ndiyo singo inafanya kazi hiyo," Bi Mwantumu alisema. "Vumilia, mwanangu."

Siku ya nne ngozi ikabadilika rangi. "Hebu mtazameni! Embe dodo!" Mama yake akapiga kigelegele.

Munira peke yake ndiye aliyejua kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Alijua maana yake. Akanyamaza.

Simu ikalia.

"Pipi, sauti imekwenda wapi?"

"Nimechoka."

"Umechoka na mimi?"

"Abdi, usinianze."

"Siku tatu hupokei. Kama kuna mwingine niambie mapema, nijue moja."

Munira akakata. Si kwa hasira, kichefuchefu kilikuwa kimemfika kooni. Lakini Abdi alilala na jibu lake mwenyewe.

Kesho yake mchana akafika Kilole. Kwa desturi ya nyumba ile, bwana harusi hakanyagi alipo mwali, wala hamkodolei macho mama mkwe. Alisimama ubavuni mwa nyumba, uso chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia, baba?"

"Naomba kumwona Munira. Dakika moja."

"Thubutu! Unataka kutuletea mkosi?"

"Basi nimsikie tu, dirishani. Aniambie mwenyewe kama hanitaki."

Munira alisikia kila neno. Alijikokota aende kumwambia aondoke. Miguu ikamtupa. Akashika pazia, likang'oka na fimbo yake, na jua la saa saba likammwagikia usoni.

Abdi alimwona. Hasira yote ikamtoka.

"Mama," alisema, na mara hii alimtazama mkwewe usoni, "macho yake ni ya njano."

"Ni singo ya somo wake hiyo."

"Somo kampaka mpaka ndani ya macho?"

Bi Mwantumu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Hospitalini daktari alitazama majibu ya damu, akauliza swali moja. "Umeacha vidonge lini?"

"Wiki tatu," Munira akanong'ona.

"Mbona nilikuwa nakuona unamumunya kila siku!" mama yake akalia. "Si ndivyo hivyo?"

"Vidonge gani?" Abdi akauliza. "Vile vya kikohozi?"

Ikabidi Munira aseme yote, ini, soksi, neno la kizazi. Abdi alimsikiliza amesimama.

"Miezi yote hiyo, Munira. Mimi nakuita Pipi kama mjinga." Akatoka bila kuaga.

Munira akaanzishiwa vidonge upya, kwa dozi kubwa. Daktari hakuwapa tumaini la bure. Ini lilikuwa limewaka vibaya, na kama halitaitikia dawa, hospitali ya Korogwe haitamtosha, atapelekwa kubwa zaidi. Siku ya harusi ikapita yuko wodini. Turubali lililokwisha kufungwa likashushwa. Mama mtu akawa anakaa miguuni pa kitanda, anahesabu pumzi za mwanawe.

Siku ya kumi na tatu wodini simu ikatikisika chini ya mto.

"Uko macho?"

"Uko wapi?"

"Hapa nje. Nimetoka kwa daktari wako."

Abdi akaingia, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa.

"Nimemwuliza mwenyewe habari ya kizazi," alisema. "Anasema wako wengi wenye ugonjwa huu na wanazaa. Ila mimba ipangwe naye, ini likiwa limetulia. Hivyo tu. Ungeniuliza, tungekwenda wote."

"Na kama hawatakuja?"

"Niliposa Munira. Sikuposa watoto."

Munira akageuza uso ukutani. "Nina macho ya njano na uso uliojaa kama chungu, Abdi."

"Nimeuona. Nataka kuuoa."

"Usinicheke."

"Sicheki. Ila ukinificha tena kitu, nitarudi kwetu kweli. Umesikia?"

"Nimesikia."

Majibu ya damu yakaanza kuwa mazuri, polepole mno. Wiki ya sita tangu alazwe, shehe aliwafungisha ndoa sebuleni Kilole, mapazia wazi, watu kumi na wawili. Munira hakuweza kusimama muda mrefu. Daktari amesema ini limebaki na kovu, na kovu hilo halitamtoka.

Mwenye mwana au mgonjwa, yaepuke haya:

Kuacha vidonge vya hospitali kwa maneno ya watu. Hata ukijisikia mzima.

Kuvifanya vidonge vya kusindikiza kuwa dawa yenyewe.

Kumficha daktari unachotumia kwingine.

Mtaalamu yeyote anayesema acha vya hospitali. Huyo mkimbie.

Majani na mizizi ya "kusafisha ini" ambayo hujui ni nini.

Kumpaka singo mwali anayewashwa kabla ya kumtoa juani na kumtazama macho.

Kunyamaza mkojo ukibadilika rangi.

Kumwona mtoto anameza kitu na kutomwuliza ni nini.