Ng'ombe Walipofika Mtoni

Kwanza ulisikika mguno. Ulitoka chini ya mtumbwi, mzito, kama mtu mnene anayekohoa ndani ya mtungi, na mti wote wa mtumbwi ukatetemeka. Apolinary aliinua kafi, akasema neno moja tu: "Kiboko." Kabla Tumwine hajauliza yuko wapi, mtumbwi ulinyanyuliwa, ukapasuka katikati, na Mto Kagera ukawafunika wote wawili.

Tumwine hakujua kuogelea. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na kwake mto ulikuwa mahali pa kunyweshea tu. Alipiga miguu, akameza tope, akashika shina la funjo, kisha mkono ukatoka majini ukamkamata ukosi wa shati. Ni Apolinary aliyemvuta. Walijikokota juu ya kitu kilichobonyea kama godoro bichi: kisiwa cha mafunjo, mizizi mitupu iliyosukana, kikielea taratibu kufuata mkondo. Hapo ndipo Tumwine alipoona mguu wa mwenzake. Jino la kiboko lilikuwa limeuchana kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, na nyama ilifunguka kama ndizi iliyomenywa.

Safari hiyo ya kuvua samaki walikuwa wameipanga tangu mvua za masika. Apolinary alilima migomba na kahawa Nyakatuntu, na mwaka huo kila kitu kilimchosha: kahawa iliyokataliwa mnadani kwa kuwa mbichi, mama mkwe aliyehamia nyumbani, majirani waliogombea mpaka. Tumwine alikuwa na kero moja, nayo ilitosha. Baba yake, mzee Ndyamukama, ndiye aliyeamua ng'ombe yupi auzwe, nani akamue, na Tumwine akale saa ngapi, ingawa Tumwine alikuwa na watoto na mvi ya kwanza kidevuni. Wawili hao walipata kipaimara siku moja na urafiki wao haukukatika. Jioni walikaa nyuma ya mibuni na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, wakipanga. Waliizungumzia kamba ya kusuka, ndoano, chumvi, bwawa ambamo samaki waitwao ningu hupita wakipanda mto. Kupanga kwenyewe kulikuwa mapumziko.

Kilichobaki kuwa kigumu ni samaki wenyewe. Kwa watu wa Tumwine samaki hawaliwi, kama vile jembe lisivyoshikwa. Aliyemla hanywi maziwa, wala hasimami zizini, maana chuchu za ng'ombe zitakauka. Tumwine alisema yeye atashika kamba tu, Apolinary atakula. Apolinary alicheka sana. Alisema mkono ukishamshika kambale, ng'ombe watamkimbia kama wamemwona chui.

Kwa hiyo Tumwine alidanganya. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda Nyakakika kumtafuta mtamba aliyepotea. Apolinary, ili kumstiri rafiki yake, alimwambia mkewe Eustadia maneno yaleyale. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua wako mtoni.

Kisiwa kilizunguka, kikanasa kwenye kona. Jua lilizama upande wa Ruanda, nyuma ya kinamasi kisichopitika, na upande wa pili, ng'ambo ya maji mapana yaliyo wazi, ndiko kulikokuwa nyumbani. Tumwine alichana shati, akafunga jeraha kwa nguvu. Maji ya kunywa hayakukosekana. Waliyachuja kwa kitambaa na bado yalinuka. Kila walipokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, mizizi ilizama na maji yakawafikia kiunoni, ikabidi wahame, Apolinary akiburutwa kwapani. Mamba waliota jua karibu kiasi cha kuonekana meno. Mbu waliwala kuanzia magharibi mpaka mapambazuko.

Kamba ya kuvulia, pamoja na ndoano yake, ilikuwa bado imefungwa kiunoni mwa Apolinary. Alichokonoa mizizi akapata minyoo, na kabla jua halijawa kali alikuwa amemtoa kambale. Viberiti vilikuwa vimelowa. Alimpasua samaki kwa kisu, akala mbichi, akamkatia mwenzake kipande.

Tumwine aligeuza uso. Siku ile yote aligeuza uso. Kesho yake njaa ilipomzidi, alipokea kipande kingine.

"Tafuna," Apolinary alisema. "Usimtazame macho."

"Baba yangu akiniona..."

"Baba yako anajua uko Nyakakika. Unamtafuta mtamba." Akacheka mpaka jeraha likamkunja uso.

Nyama ilikuwa baridi na laini, na ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuuma Tumwine. Alikula mpaka akalamba mifupa, damu na ute vikagandia vidoleni, na kila alipovisugua kwa maji harufu ilirudi.

Jua lilipokuwa utosini Apolinary aliingiwa na homa, akalala kinywa wazi. Ndipo ng'ombe walipofika.

Tumwine aliwasikia kwanza, mlio mrefu wa mama anayeita ndama, kisha akaziona pembe kubwa nyeupe zikishuka mtelemko wa ng'ambo. Nyuma yao alitembea mtu aliyeegemeza fimbo mabegani. Alimtambua kwa mwendo. Alikuwa Mutalemwa, binamu yake, ulimi mkali kuliko wote mbugani, mtu ambaye angeweza kuimba aibu ya mwenzake harusini na watu wakaomba arudie. Sauti ingemfikia. Tumwine alisimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Akaviona vidole vyake. Akakiona kichwa cha kambale miguuni pake, macho wazi.

Akalala chini kati ya mafunjo.

Alilala huko, shavu kwenye maji, wakati ng'ombe wakinywa. Alimsikia Mutalemwa akiwasifu mmoja mmoja kwa majina yao. Alijiambia kwamba atapita mtu mwingine, mvuvi, mgeni, yeyote asiyemjua. Ng'ombe walishiba, wakapanda mtelemko, vumbi likatulia.

"Nimesikia ng'ombe," Apolinary alisema bila kufumbua macho.

"Ni viboko," Tumwine alijibu. "Lala."

Hakupita mvuvi wala mgeni. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba kama gogo la mgomba, weusi umevuka goti, na harufu yake ikaizidi ile ya samaki. Apolinary alimwita Eustadia, akamwagiza aanue kahawa, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Tumwine alitazama ng'ambo. Ng'ombe hawakurudi, malisho yao ya leo yalikuwa kwingine, naye kama mfugaji alilijua hilo tangu jana alipokuwa amelala kifudifudi.

Alikata mafunjo kwa kisu, akayafunga kwa kamba ya kuvulia kuwa mzigo mnene. Alimsogeza Apolinary mahali palipo pakavu kuliko pengine, akamwekea maji karibu na mdomo. Kisha akaukumbatia ule mzigo, akaingia mtoni.

Mkondo ulimchukua mara moja. Alipiga miguu kama chura, akipoteza ukingo, akiuona tena, akiupoteza. Kitu kizito kilimpita chini ya tumbo, naye akaacha kupiga miguu, akaelea kama jani mpaka kikapita. Fundo lililegea, mafunjo yakaanza kuponyoka moja moja mikononi. Alipobakiwa na machache tu, mguu wake uligusa tope. Alitambaa mpaka kwenye majani, akatapika, akasimama, akakimbia kufuata nyayo za kwato.

Bomani kwa Mutalemwa walikuwa wakikamua. Tumwine alisimama nje ya lango, tumbo wazi, damu ikimtiririka magotini, wala hakuingia.

"Msinikaribishe," alisema. "Nimekula samaki. Apolinary wa Nyakatuntu yuko kwenye mafunjo, anakufa."

Alingoja kicheko. Mutalemwa aliweka chini chombo cha maziwa, akawaita vijana, akaomba kamba zote zilizokuwa bomani.

Walimtoa Apolinary kwa mtumbwi wa kuazima, wakambeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Aliishi. Mguu haukuishi, daktari aliukata juu ya goti.

Barazani pa hospitali watu walijaa. Mutalemwa alisimulia jinsi binamu yake, asiyejua kuogelea, alivyovuka Kagera kati ya mamba, na kila mtu akamshika Tumwine mkono, hata mzee Ndyamukama, ambaye hakusema lolote juu ya samaki. Tumwine aliinamisha kichwa. Kila sifa ilimchoma kama kaa la moto. Eustadia alipokuja na kupiga magoti kumshukuru, alimwinua kabla goti halijagusa sakafu.

"Usinishukuru, shemeji. Mutalemwa alinywesha ng'ombe mbele yetu, siku moja kabla. Nilimwona. Nilijificha, asinione na samaki."

Mutalemwa alitazama chini.

"Daktari anasema wangeuokoa mguu," Eustadia alisema, "kama angeletwa jana yake." Hakupaza sauti. "Yeye anajua?"

"Nilimwambia ni viboko."

Eustadia akasogea pembeni, mlango wa wodi ukabaki wazi mbele ya Tumwine. Ndani, Apolinary alikuwa amegeuzia uso wake kwao, macho wazi, akisubiri. Tumwine aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda mahali ambapo baba yake na watu wote wangeweza kumsikia.

"Walikuwa ng'ombe, Apolinary," alisema. "Nitalima shamba lako kwa jembe mchana, watu wangu wakipita barabarani wakinitazama, msimu huu na kila msimu nitakaokuwa hai. Na atakayeniuliza kwa nini, nitamwambia."