Baridi Iliyoalikwa Mezani

Mezani jioni ile ya Jumamosi, tarehe 6 Januari 1996, walikuwepo watu watano. Wa kwanza alikuwa Paraskevia Hnatyshak, mjane wa miaka sabini na tisa, aliyekaa karibu na jiko. Wa pili alikuwa mwanawe, Orest Hnatyshak, mwenye nyumba na mwenye shamba la ngano. Wa tatu mke wa Orest, Lesia, wa ukoo wa Prokopchuk kabla ya kuolewa. Wa nne binti yao, Daryna, mwenye miaka sita na kifua kisichovumilia baridi. Wa tano Dmytro Zabolotny, jirani kapera, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto; mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika Metro, na tangu siku hiyo hakuitwa vingine. Kiti cha sita kilikuwa na sahani ya ngano iliyochemshwa, kijiko na kipande cha mkate mbele yake, wala hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha Taras, mwana wa Orest na Lesia, aliyekufa mwaka mmoja kamili uliopita akiwa na miaka kumi na tisa.

Watu wa upande ule wa mji wa Dauphin, ambao kwa kalenda ya kale ya kanisa lao Krismasi ni tarehe 7 Januari, huwawekea wafu wao sahani katika mlo wa kuamkia Krismasi, kwa hiyo kiti kitupu hakikumshangaza mtu. Kilichomshangaza Lesia kilikuwa kitu kidogo. Chini ya kiti kile palikuwa na tundu la hewa sakafuni, moja kati ya matundu kumi na mawili yaliyopandisha joto kutoka kwenye tanuri la gesi lililokuwa chumba cha chini. Alipopita na bakuli la supu aliona pindo la kitambaa cha meza likipepea. Akaweka mguu juu ya tundu.

"Metro," alisema, "hili tundu linapuliza baridi."

"Na hilo la dirishani?"

Lesia akalikanyaga. "Hili lina moto."

"Haiwezekani, shemeji. Tanuri moja, feni moja. Si mama mkwe, achague nani wa kumnunia." Metro alichovya mkate. "Ngoja nimalize supu. Nikiinuka sasa, bibi ataninyima ya pili."

"Nitakunyima hata hiyo ya kwanza," Paraskevia alisema. "Mtu anakuja kwenye mlo mtakatifu na grisi kwenye kucha."

"Grisi hii ndiyo inayokuweka hai, bibi. Nje ni arobaini na moja chini ya sifuri."

Wakacheka kidogo, isipokuwa Orest. Kicheko hakijaisha, feni kubwa ya tanuri ikanyamaza chini yao. Wakasikia feni ndogo ikianza, kisha mlio wa cheche, kisha moto ukishika. Baada ya sekunde tatu moto ukazimika. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Halafu kimya.

Metro alishuka na tochi. Paraskevia hakugusa tena kijiko chake. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Orest, ulipofungua mlango jioni hii, uliyasema maneno yote?"

"Niliyasema."

"Mimi nilikuwa jikoni, na masikio yangu unayajua. Nakuuliza. Yote?"

Lesia akainamisha kichwa.

Maneno aliyoulizwa ni haya. Kabla ya mlo, mwenye nyumba huchukua kijiko cha kutia, yaani ngano iliyochemshwa kwa asali na mbegu ndogo nyeusi, hufungua mlango wa mbele, na humwita Moroz, ambaye ni Baridi mwenyewe, mara tatu, aje kula na watu. Asipoitika, mwenye nyumba humwambia mara tatu: hukuja ulipoitwa, basi usije, usije shambani, usije zizini, usije kwa watoto wangu. Kisha hubamiza mlango, na wote hucheka.

Mwaka uliotangulia Orest aliyasema yote, kwa sauti kubwa ya mtu aliyekwisha kunywa vikombe viwili. Saa hiyo Taras, ambaye pikapu yake ilizimika maili mbili kutoka nyumbani, alikuwa amefika kwa miguu hadi ghala la ngano, hatua themanini kutoka mlangoni, dhoruba ikimfichia taa za nyumba. Daktari alisema kwamba wakati wa mlo alikuwa bado hai. Walimkuta asubuhi, uso wake umeelekea nyumbani. Dhoruba kama ile huficha mwanga, lakini haifichi sauti ya mtu anayepiga kelele kufuata upepo. Hakuna aliyemwuliza Orest jambo hilo, naye hakupitisha siku bila kujiuliza.

"Nilimwita," Orest alisema hatimaye. "Hayo mengine sikuyasema. Mdomo ulikataa."

"Mungu wangu," Paraskevia alinong'ona. "Umemwita, hukumfungia."

Metro alipanda ngazi akijifuta mikono. "Kijiti cha kuhisi moto nimekisugua, kinang'aa. Chujio ni jipya. Gesi ipo, swichi ni nzima. Linakosa hewa, ila sioni kwa nini. Mdomo wa nje wa bomba la kuvutia hewa nimeuchungulia, uko wazi."

"Baba," Daryna alisema. Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti kitupu, sikio juu ya tundu. "Taras anauliza kama sasa anaweza kuingia."

Lesia akamsogelea.

"Nani kakwambia hivyo?" Lesia aliuliza polepole.

"Yeye mwenyewe. Yumo kwenye bomba. Meno yake yanagongana, sikilizeni."

Walisikiliza, na kweli ndani ya mabomba ya bati palikuwa na mgongano mdogo wa haraka haraka, unaotulia na kuanza tena.

"Bati hilo," Metro alisema. "Bati likipoa linajikunja, linalia." Lakini alilisema kwa sauti ya chini, na akamwinua mtoto kutoka sakafuni.

Usiku ule wote walikaa jikoni, milango imezibwa kwa mablanketi. Metro aliliwasha tanuri mara ishirini, nalo mara ishirini lilishika sekunde tatu na kufa. Hita ya umeme iliwaka nyekundu kabisa, na mtu akiweka kiganja juu yake hakusikia joto. Harufu ilipanda kutoka matunduni, harufu ya theluji na sufu mbichi, ile ya glavu za mtoto aliyetoka kucheza nje, na Lesia alipoinusa alijifunika uso kwa aproni. Kipimo cha joto ukutani kilishuka hadi kumi na nne, kikashuka hadi tisa, na kulipokucha kilikuwa nne.

Asubuhi ya Krismasi hakuna gari lililowaka. Lesia alipiga simu kuomba msaada. Wakamjibu kwamba greda la kuondoa theluji barabarani lisingefika kabla ya Jumatatu. Metro akashuka na msumeno, akalikata bomba la kuvutia hewa, si upande wa nje, bali upande wa ndani, hatua mbili kutoka kwenye tanuri, mahali ambapo barafu haiwezi kuganda maana pana joto. Alipanda na kipande cha barafu kirefu kama mkono. Akakiweka mezani. Ndani ya barafu mlikuwa na punje za ngano zilizopikwa, na mbegu ndogo nyeusi.

"Ndivyo nilivyokikuta," alisema. "Nimekitoa, na kabla sijaokota msumeno kingine kimeota. Bibi, mimi kazi hii nina miaka ishirini na sita. Hili si langu."

"Si lako," Paraskevia alisema. "Ni la Orest. Aliyemwita ndiye wa kumfukuza. Maneno yako wapi, mwanangu? Nenda mlangoni ukayamalize."

Orest alikuwa amekaa mkabala na kiti kitupu. "Na kama ni yeye kweli?"

"Si yeye. Moroz hana sauti yake mwenyewe. Huazima ya yule aliyemchukua."

"Una hakika, mama?"

Mwanamke mzee alimtazama mjukuu wake. "Nikikwambia sina hakika, utamwacha na huyu wa pili afe?"

"Usiende," Lesia alisema, na sauti yake ilitoka imepasuka. "Orest, usimwambie usije. Mara moja ilitosha. Acha aingie. Ni baridi tu, tutaivumilia, tuna mablanketi, kesho greda linakuja. Mwanangu amesimama nje mwaka mzima."

Kwa hiyo Orest hakwenda, na saa zikapita, na kadiri zilivyopita ule mgongano wa meno ulihama kutoka tundu moja kwenda lingine, kutoka chumba cha Taras hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi chini ya meza ya jikoni walipokuwa wamejibanza, na ndani yake yakaanza kusikika maneno, si makali wala ya kutisha, bali ya kijana mpole aliyechoka, akiomba radhi kwa kuchelewa, akieleza kwamba pikapu ilizimika, kwamba aliona kama taa lakini hakuwa na uhakika, kwamba alisikia baba akipiga kelele mlangoni na alidhani anaitwa, kisha akasikia vizuri zaidi, akakaa chini.

Orest alitoa mlio ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake.

Saa tisa alasiri Daryna aliacha kutetemeka. Lesia, aliyekuwa amemkumbatia ndani ya koti lake, alidhani mtoto amepata joto, akafurahi. Metro ndiye aliyemshika mkono na kuutazama. Kucha zilikuwa za buluu.

"Shemeji," alisema kwa upole, "akiacha kutetemeka si vizuri."

Lesia alimtikisa. "Daryna! Darynka, fumbua macho. Niambie jina la paka wetu."

Mtoto alisema kitu kisichoeleweka, akatabasamu, akaelekeza kidole kwenye tundu. "Ananiita tukacheze."

Lesia alitazama lile tundu kwa muda mrefu. Mashavu yake yalikuwa na machozi yaliyoganda. Kisha akainua macho.

"Baba Taras," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi. "Nenda kaseme."

Orest akasimama. Akavaa koti, hakulifunga vifungo. Akaichukua sahani ya kutia kutoka mbele ya kiti cha mwanawe.

"Maneno ya mlangoni husemwa ukiwa ndani," Paraskevia alisema. "Kizingiti kiwe kati yenu. Orest, unanisikia? Ukiwa ndani."

"Mwaka jana nilikuwa ndani," Orest alijibu. "Nilikuwa ndani, kwenye joto, na mkono umeshika kikombe. Siwezi kumwambia vile tena nikiwa huku. Nikimfukuza, nitamfukuza nikiwa upande wake."

"Usiwe mjinga, bwana," Metro alisema na kumshika mkono wa koti. "Fungua kidogo tu, sema, mimi nitabamiza."

"Wewe kaa na tanuri. Likishika, usiliache." Alimbusu mtoto kwenye nywele. Kwa Lesia alisimama tu, kwa sababu hawakujua wafanye nini. Kisha Lesia akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. Orest akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Walisikia akisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini katika baridi ile kila neno lilifika: hukuja ulipoitwa, basi usije. Bati lote la nyumba likagonga, kuanzia chini hadi darini, na sauti ya kijana ikauliza, Baba, ni mimi unayeniambia? Akasema mara ya pili, usije zizini, usije shambani, na sauti yake ikakatika na ikaendelea, na dirisha la jikoni likafunikwa na barafu kwa ndani kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyelipulizia, na Lesia akaziba masikio yake mwenyewe kwanza, kisha akayaacha yake akaziba ya mtoto. Akasema mara ya tatu, usije kwa watoto wangu, kwa huyu niliyebaki naye. Hapo pakawa kimya, na ndani ya kimya hicho walimsikia Orest akiongea chini chini, bila haraka, jinsi mtu anavyomweleza mtoto njia ya kufuata, na mtu mwingine akimwitikia.

Chini, feni ndogo ikaanza. Cheche. Moto ukashika. Metro, aliyekuwa amesimama katikati ya ngazi, alihesabu kwa midomo: tatu, nne, tano, kumi. Feni kubwa ikafuata, na kutoka kila tundu, hata lile la chini ya kiti, ikapanda hewa ya moto yenye harufu ya vumbi lililoungua.

Dakika chache baadaye Daryna alianza kulia kwa maumivu ya vidole vinavyopata damu, kilio kikubwa cha mtoto mzima, na Paraskevia akapiga ishara ya msalaba. Lesia alimkabidhi mtoto, akakimbilia mlango. Ulikuwa umeganda kwenye fremu. Yeye na Metro waliusukuma kwa mabega hadi ukafunguka.

Orest Hnatyshak alikufa Jumapili, tarehe 7 Januari 1996, kabla ya saa kumi jioni, kwa baridi, nje ya nyumba yake. Alikuwa na miaka hamsini na moja.